Papa Barnabé na Bango Lililokosea

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Papa Barnabé Kaseba, muuguzi mkuu wa Kituo cha Afya cha Kilobwe, kwenye barabara ya kutoka Likasi kwenda Kakanda, atatundika koti lake jeupe kwenye msumari kwa mara ya mwisho. Alianza kazi hapa Jumatatu tarehe 3 Februari 1992. Ni miaka thelathini na mitatu na karibu miezi mitano. Koti limebadilika mara nyingi, lakini msumari ni ule ule. Aliupigilia mwenyewe kwa jiwe siku ya kwanza, kwa sababu kituo hakikuwa na nyundo.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike kurasa hizi kwa kuwa nimekaa naye meza kwa meza miaka kumi na tisa, mimi nikiandika kadi za wagonjwa, yeye akiwaita majina. Nilipompa habari alicheka, akaniambia nisimfanye mtakatifu, maana watakatifu hawali kapenta, wale dagaa anaowapenda. Halafu akawa na ombi moja. Alitaka habari ya bango lake lililokosea iwemo, nzima, bila kupunguzwa. Nikamuuliza kama hapendelei tueleze zaidi habari za chanjo.

"Chanjo andika, Joëlle," alisema. "Lakini bango usiache. Mwenye anakuja nyuma yangu asikosee vile vile."

Wafanyakazi wote wanajua kinachomkosesha raha anapoondoka. Kila Alhamisi wachimbaji wa madini huingia kwa mlango wa nyuma wa kituo hiki kubadilisha sindano zao. Wamechukua miaka kuuzoea mlango huo, na neno moja baya linaweza kuwafukuza. Wakiacha kuja, ugonjwa utarudi kwenye mashimo yao, na kutoka mashimoni utaingia majumbani, kwa wake zao na watoto wachanga. Kwa hiyo naandika kama alivyotaka.

Papa Barnabé alizaliwa Shituru, katika nyumba za kampuni, karibu na reli. Baba yake alikuwa na kazi ambayo sikuwahi kufikiri kwamba ni kazi ya mtu: alipaka rangi namba na herufi kwenye mabehewa ya treni. Mtoto alimshikia kopo la rangi wakati wa likizo, na hapo ndipo alipopata mwandiko wake, zile herufi nene zilizonyooka ambazo mtu husoma akiwa bado mbali. Alisoma sekondari Mulungwishi, akajifunza uuguzi, kisha akatumwa Kilobwe na sanduku moja na jiko la mafuta. Mama Suzanne, mke wake, alifuata baada ya miezi mitatu. Alipoiona nyumba waliyopewa alikaa juu ya sanduku lake akakataa kulifungua kwa siku mbili. Siku ya tatu mama jirani alijifungua salama mikononi mwa Papa Barnabé, na Mama Suzanne akalifungua ili atoe kitenge cha kumfunika mtoto. Tangu hapo sanduku halijafungwa. Yeye mwenyewe husema walihamia Kilobwe kwa sababu ya kitenge.

Wazee bado wanamwita Kiatu Kimoja. Mwezi wa Machi 2003 mvua ilibeba daraja, na watoto wa ng'ambo walikuwa wanangoja chanjo ya surua. Papa Barnabé aliweka sanduku la baridi kichwani, akaingia mtoni, maji kifuani, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo kila mmoja wetu anaijua na hakuna anayeipenda. Mto ulichukua kiatu chake cha kushoto. Alichanja watoto mia moja na kumi na wawili siku ile, mguu mmoja peku. Wiki mbili baadaye mama mmoja alikiokota kiatu kwenye matete akamletea. Alikivaa bila kukitazama, akapiga kelele: ndani yake kulikuwa na kaa. Alisema ndiye mgonjwa pekee aliyemuuma muuguzi kabla ya kupigwa sindano.

Wagonjwa wote aliwaita "champion". Mtoto mwenye malaria, bibi mwenye mgongo, polisi mwenye kisonono, wote walikuwa champion. Swali lake la kwanza halikuwa unaumwa wapi, lilikuwa umekula nini. Mwanzoni nilifikiri ni uchu wa mtu anayependa chakula. Baadaye niliona kwamba mtu akishaeleza alichokula, au kwamba hakula, amekwisha kueleza nusu ya ugonjwa wake.

Kuanzia mwaka 2016 wachimbaji walifika kwa wingi kwenye vilima vilivyo nyuma ya kijiji. Walichimba kwa timu, na timu wao huiita ekipi. Ekipi hulala kwenye hema moja, hula bukari, ugali wetu, katika beseni moja, na mmoja akifukiwa na udongo wengine humchimbua kwa mikono. Kazi ya shimoni huumiza mgongo na hutia hofu. Basi wakaja watu wenye vichupa vya dawa ya maumivu wakiviuza pale pale kwenye udongo. Wachimbaji walijidunga wenyewe kabla ya kushuka. Dawa hiyo waliiita "betri". Anayejidunga alikuwa "anachaji".

Tuliona matokeo kwenye kadi kabla ya kuelewa sababu. Wanaume wenye nguvu walikuja na macho ya njano. Vidonda vya mikono havikupona. Mke wa mmoja wao, mjamzito, alipimwa akakutwa na virusi vya ukimwi, naye hakuwahi kutoka nje ya ndoa yake. Kijijini watu walisema hao ni wavuta bangi na walevi wa sindano, wafukuzwe. Hata ndani ya kituo tulikuwa na walioficha viti wachimbaji walipoingia. Mimi sikuficha, lakini sikunyanyuka pia kuwapa changu.

Papa Barnabé hakutoa hotuba. Alikwenda Likasi kwa chama kinachosaidia watu wenye shida kama hii, akarudi na maboksi ya sindano mpya. Alifungua mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, akauosha na kuupaka rangi ya buluu. Alhamisi saa nane mchana mchimbaji yeyote aliweza kuingia bila kupita mbele ya foleni ya akina mama. Kisha alichukua ubao, akaandika kwa mkono wa baba yake, kwa lugha yetu ya hapa:

USITUMIKISHE SHINDANO YA MUNTU MUNGINE.

Sindano sisi huiita shindano, kama tunavyosema minye kwa mimi, shiye kwa sisi na njo kwa ndio. Daktari mmoja mgeni kutoka Bukavu alisoma ubao akauliza ni mashindano gani, na kama kuna kikombe. Tulicheka wiki nzima. Lakini wachimbaji walielewa kila neno, au ndivyo tulivyodhani. Walisimama mbele ya ubao, wale wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua, wakatikisa vichwa kukubali. Ekipi ya Chadrack, watu kumi na mmoja, ilikuwa ya kwanza kuja, na ndiyo iliyokuja bila kukosa. Papa Barnabé aliwapenda sana. Aliwatoa kama mfano kwa ekipi nyingine.

Katika ekipi hiyo alikuwemo Eddy, mdogo wangu, mziwanda wa mama yetu.

Mwezi wa Mei 2019 tulipata vipimo vya kutosha kuwapima wote. Katika watu kumi na mmoja wa Chadrack, saba walikuwa na virusi vya ukimwi, au vya homa ya ini, au vyote viwili. Mwaka uliotangulia walikuwa wawili tu. Hao ndio waliosifiwa kwa kufuata bango. Papa Barnabé alifikiri wamemdanganya. Sijawahi kumwona amekasirika kama Alhamisi ile. Aliwapanga kwenye benchi la kupimia watoto uzito, wanaume wazima, magoti yakifika kwenye videvu.

"Mulisoma ubao ama hamukusoma?"

"Tulisoma, Papa," Chadrack alijibu. "Hata leo tunaisoma."

"Na mulimupa nani shindano yenu?"

"Hakuna. Ekipi ya Germain walikuja kutuomba, tukakatala. Karibu tupigane. Shindano ya muntu mungine, hapana. Shiye tunafuata."

"Basi nionyeshe."

Chadrack akatoa kifurushi mfukoni. Kitambaa cheupe, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri kama kitambaa cha altare. Ndani yake kulikuwa na sindano moja.

"Ya nani hii?"

"Ya shiye."

"Shiye banani?"

"Ekipi, Papa. Boksi iko hema, bado imejaa. Ni akiba. Tunachunga hii moja, hatuipe muntu."

Papa Barnabé aliikunja tena sindano kitambaani. "Chadrack. Eddy akiitumikisha, weye uko nyuma yake?"

"Eh, nyuma yake Banza, kisha minye."

"Na ubao unasema nini?"

Hapo Chadrack alicheka, na benchi zima likacheka naye, kama watu wanaomwonea huruma mwalimu aliyechoka. "Papa Barnabé! Tunakulaka mu beseni moja. Shimo ilimufunika Eddy, ni minye nilimutosha mu udongo. Eddy njo muntu mungine?"

Papa Barnabé hakucheka. Alitoka kwa mlango wa buluu akasimama nje, mikono kiunoni, akiutazama ubao wake. Kisha akaushusha. Alipita nao mbele ya meza yangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mukono yangu njo iliandika, Joëlle. Hawakudanganya. Minye sikuuliza."

Mimi nilikuwa nimeshika kadi ya Eddy mkononi, yenye matokeo.

Mtu mwingine angeandika ubao mpya jioni ile na kuutundika. Yeye Jumapili, baada ya misa, alipanda mlima hadi kwenye machimbo, ambako mtu wa koti jeupe hakuwa amefika. Alikusanya ekipi zote. Chadrack amenisimulia mara nyingi, na kila mara husimama ili asimulie vizuri. Papa Barnabé aliwaambia kwamba mtu wa damu moja na mtu wa shimo moja, wote wawili, virusi haviwajui kwa majina. Aliwaambia kwamba neno alilowaandikia lilikuwa baya, kwamba wao walilifuata kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliowaumiza. Akamaliza: "Minye nilikosa. Munisamehe." Wachimbaji walikuwa wamezoea kulaumiwa na kila mtu, kuanzia askari hadi mchungaji. Mmoja akampa kiti.

Akiwa amekaa kwenye kile kiti ndipo alipouliza swali ambalo, kwa maoni yangu, linastahili kuandikwa kwenye ukuta wa shule zote za uuguzi.

"Kitu gani muko nacho, hamuwezi kumupa hata ndugu yenu wa tumbo moja?"

Wakafikiri. Shati? Wanaazimana. Viatu? Wanaazimana. Taa ya kichwani, blanketi, sahani, yote ni ya wote.

"Bibi yangu!" mmoja mwenye mke akapiga kelele kutoka nyuma.

"Muongo weye," mwingine akamjibu, "bibi yako tunamujua, njo yeye hakutaki," na kilima kizima kikaanguka kicheko.

Ni Eddy aliyelipata jibu. Alikuwa amekaa chini, amechoka tayari kwa wakati ule, akasema bila kunyanyua kichwa: "Brosi ya meno."

Kila mtu alijaribu kuona mswaki wa mwenzake ukiingia kinywani mwake, na wote wakakunja nyuso. Hata Chadrack alitema mate.

"Voilà," Papa Barnabé alisema. "Champion."

Ubao mpya aliuandika pale pale mlimani, wao wakimshikia kopo la rangi, na hakuweka neno kabla halijasomwa na kukubaliwa:

SHINDANO NI KAMA BROSI YA MENO. HATA NDUGU YAKO, HAPANA.

Tangu hapo mambo yalibadilika, polepole. Papa Barnabé aliomba mikebe mitupu ya maziwa ya unga kwa kila nyumba yenye mtoto, akatoboa vifuniko ili sindano zilizotumika ziingie humo na zisitoke. Kila mchimbaji alipata mkebe wake, na juu yake jina lake kwa herufi za mabehewa. Wengine hawakuwa wameona majina yao yameandikwa popote, isipokuwa kwenye karatasi za polisi. Walikuja Alhamisi kwa sababu ya sindano mpya, lakini nadhani walikuja pia kulitazama jina. Mkebe ukijaa, yaliyomo huteketezwa, na mkebe hurudi rafuni, umeoshwa.

Aliwapeleka waliougua hospitali ya mjini, kila mwezi, wawili wawili nyuma ya pikipiki yake, mpaka wakajua njia na madaktari wakajua nyuso zao. Aliwapima wake zao kwa faragha na kwa heshima. Katika ekipi ya Chadrack hakujaongezeka hata mmoja tangu ubao ulipobadilishwa. Nimeangalia kadi zote kabla ya kuandika sentensi hii. Sita kati ya wale saba wako hai, wanameza dawa, na wanne bado wanachimba. Chadrack aliacha betri mwaka 2022 baada ya kujaribu na kuirudia mara tatu, na Papa Barnabé kila mara alimpokea kwa swali lile lile, umekula nini. Leo ndiye anayesimama kwenye mlango wa buluu siku ya Alhamisi. Si wote walioacha. Papa Barnabé hataki tuseme wote wameacha. Anasema aliyeacha na asiyeacha wote wana mkebe.

Eddy ndiye wa saba. Ini lake lilikuwa limekwisha kuharibika. Alifariki nyumbani kwa mama yetu tarehe 19 Agosti 2021, asubuhi. Katika wiki zake za mwisho Papa Barnabé alipita kila siku akienda kazini. Dawa zilikuwa hazisaidii tena, kwa hiyo alimnyoa ndevu. Eddy alipenda kuwa nadhifu. Alimnyoa kwa wembe mpya kila mara, na kila mara Eddy alimuuliza, "Ni wa muntu mungine huyu?" na wote wawili walicheka mpaka mama akawafokea kwa kumwaga maji kitandani.

Mkebe wa Eddy haukuondolewa rafuni. Kila Alhamisi, kabla ya kufungua mlango, Papa Barnabé huufuta vumbi pamoja na mingine na kuurudisha mahali pake. Hajawahi kuniambia neno juu ya hilo, nami sijawahi kumuuliza. Ningependa ajue kwamba nimeona.

Muuguzi atakayepokea kazi yake, Mama Carine, aliwasili wiki tatu zilizopita. Wachimbaji walimwogopa, maana ana miwani na hacheki haraka. Papa Barnabé alimwonyesha dawa, friji, madaftari, halafu akampeleka nyuma ya mlango wa buluu. Hapo, upande wa ndani, ametundika ubao wa zamani, ule uliokosea. Alimsomea na kumweleza yote kama alivyoniagiza nieleze hapa. Wiki iliyofuata ulihitajika ubao mpya kuhusu kikohozi, kwa kuwa kifua kikuu kinapita hema kwa hema. Mama Carine aliandika sentensi yake kwa chaki. Kisha, kabla ya kuomba rangi, alimwita Chadrack akamuuliza anasikia nini humo.

Chadrack alisoma mara mbili. "Mama, umeandika mwenye kukohoa alale peke yake. Mu hema hakuna peke yake. Watamufukuza inje, ku mvua."

Mama Carine alifuta chaki yote kwa kiganja, akavuta kiti. "Keti, Papa Chadrack. Munalalaka namna gani?"

Papa Barnabé alikuwa kwenye dirisha, amejifanya anahesabu bandeji. Aliacha kuhesabu. Siku ile alikwenda nyumbani mapema, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ninayomjua, na tulimsikia akiimba mpaka barabarani.

Papa Barnabé, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kilobwe, akina mama wa foleni ya mbele na watu wa mlango wa nyuma, tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba mtu anaweza kukosea kwa mkono mzuri wa kuandika, na kwamba kosa likisemwa kwa sauti linaweza kuwa dawa. Rudi Shituru na Mama Suzanne, mkalifungue lile sanduku tena. Kaa kwenye kivuli chako, kula kapenta kwa wingi, na treni ikipita usome namba za mabehewa mpaka usinzie. Mungu akupe miaka mirefu, miguu yote miwili ikiwa na viatu.

Na lile ombi lako jingine, ulilolileta juzi huku ukitazama sakafu, jibu lake ni ndiyo. Mama amekubali. Uchukue mkebe wa Eddy, ukauweke mahali unapopenda nyumbani kwako. Jirani alimuuliza mama kwa nini ametoa kitu cha marehemu wetu. Mama alimjibu kwamba hajakitoa. Amempa Barnabé, na Barnabé si muntu mungine.

Joëlle Kisimba, karani wa kadi